Mtoto Wangu Hasikii Baridi

Afadhali mlisikie kwangu, maana huko mjini mmeshaanza kulisikia na kila anayelisimulia anaongeza lake: ndiyo, ni mimi. Yule baba aliyefungua zipu ya koti mbele ya wazazi wa shule nzima pale Kaaga, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mchungaji aliyekuja kutuombea, na mbele ya mama mkwe wake mwenyewe, ni mimi. Kuna watu Meru ambao mpaka leo wakiniona wanashika zipu zao kwanza ndipo wanisalimie. Wacha wacheke. Nimeshazoea. (Sijazoea.)

Ila kabla hamjacheka mjue mnamcheka mtu wa aina gani. Mimi si mtu wa kuokotwa. Nilianza kwa kutengeneza friji kuukuu kwenye kibanda cha mabati mtaa wa Majimbo, Embu, bila mjomba wa kunishika mkono na bila shamba la kuuza, nikajisomesha mwenyewe mpaka nikapata Diploma ya Majokofu na Viyoyozi, nikavuka nikaenda Kanada, nikafanya kazi kwenye ghala la nyama ambamo mtu akitema mate yanaganda kabla hayajafika sakafuni, kisha nikarudi na vyombo vyangu nikajenga chumba baridi changu mwenyewe hapa Meru, ambamo leo hii maparachichi ya watu yanalala usingizi mzuri kuliko wenyewe. Diploma iko sebuleni, kwenye fremu, nimeiwekea na taa yake. Kwa hivyo mtu akitaja baridi, anataja kazi yangu.

Na ugonjwa wangu ulianzia hapo hapo.

Nina binti mmoja, Wawira, yuko gredi ya pili. Tulipoondoka kwenda Kanada, mimi na mama yake, alikuwa hajaanza kutembea, tukamwacha kwa mama mkwe wangu kule Gachoka, na Gachoka kama hujafika ni kwa jua, ni mahali ambapo watu hulala juu ya blanketi wala si chini yake. Mke wangu bado yuko huko ng'ambo anamalizia mkataba wake wa kazi, mimi nikatangulia kurudi, na jambo la kwanza nililolitaka, kabla ya chumba baridi, kabla ya gari, lilikuwa mtoto wangu aje akae na mimi. Nilikuwa namjua kwenye simu tu. Nilijua paji la uso wake vizuri sana, maana ndilo alilopenda kuliweka mbele ya kamera.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Cucu, yaani nyanya, hakukataa. Lakini lazima mjue kwamba kwetu heshima kati ya mtu na mama mkwe wake si mchezo. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamwangaliani machoni, na mama mkwe hajivui hata kitambaa cha kichwa ukiwa karibu, sembuse nguo. Wengi wa mjini wameyaacha hayo. Cucu hajaacha hata moja. Akiwa na neno na mimi humwambia mtoto, nami niko pale pale nasikia, kisha mtoto ananirudia kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Wawira," akasema siku ile nilipokwenda kumchukua, akiangalia kuku, "mwambie baba yako akae na wewe muhula huu mmoja. Siku ya wazazi nitapanda huko kwenye ukungu wao nikuone kwa macho yangu. Nikikukuta vizuri, utabaki kwake. Nikikukuta vibaya, tunarudi sote wawili."

"Baba," akasema Wawira, "Cucu anasema..."

"Nimesikia."

Akampa na koti. Alilinunua soko la Embu kwenye mitumba, zito kama godoro, rangi ya ugali ulioungua, linamfika mtoto kwenye vifundo vya miguu na kila kifungo kimetoka kwenye nguo yake. Nikalipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, na tulipofika kwangu Kaaga nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na pale likabaki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia. Asubuhi ya kwanza Wawira alipotoka nje akaona moshi mweupe unatoka mdomoni mwake, alikimbia kurudi ndani akilia, "Baba, naungua! Naungua ndani!" Mtoto wa Gachoka, hajawahi kuona pumzi yake mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamchukua nikamwambia asiogope, yeye ni binti yangu, na baba yake amekaa mahali ambapo mto mzima unageuka jiwe na magari yanapita juu, kwa hivyo mtoto wangu hasikii baridi. Akanyamaza. Akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu hapo ukawa mchezo wetu wa kila asubuhi tukienda kwenye gari: mimi nauliza, "Mtoto wa nani?" yeye anajibu, "Wa baba!" nauliza, "Anasikia baridi?" anajibu kwa nguvu, "Hasikii!" Majirani wakawa wanatoka kusikiliza. Nilijiona baba kweli.

Ikawa kwamba kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kumezuka ubishi. Julai ilikuwa imeingia na ule unyevunyevu wake, rasharasha asubuhi na ukungu mpaka saa tano, na wazazi fulani wakataka shule iweke sheria kila mtoto avae koti juu ya sweta, hasa wakati wa gwaride la asubuhi. Wengine wakapinga: makoti yanapotea uwanjani, saa saba jua likitoka watoto wanayafunga kiunoni na kuyaburuta kwenye matope. Mama Mwenda, jirani yangu, mama mwenye mdomo ambao haujawahi kupumzika, akaandika kwamba mzazi asiyemvisha mtoto koti Julai avuliwe lake. Mimi sikuweza kunyamaza. Niliandika ujumbe mrefu ambao ilibidi uubonyeze ndipo usome uliobaki, nikaeleza mwili unavyotengeneza joto lake, nikataja diploma, nikataja Kanada, nikamalizia hivi: "Mtoto halazimishwi koti. Mwili wake utamwambia." Mwalimu mkuu, Madam Kananu, akanipigia simu akaniomba nizungumze siku ya wazazi, upande wa wanaopinga, halafu wazazi wapige kura kwa mikono. Nikamwambia nitajaribu kupata nafasi. (Nilikuwa nimeshaanza kuandika hotuba.)

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na ukungu mzito, huoni geti. Wawira alisimama mlangoni na gauni lake jipya jeupe la pamba nililomletea kutoka ng'ambo, lenye mikono mifupi, kwa sababu siku hiyo watoto waliruhusiwa nguo za nyumbani. Akaliangalia lile koti kwenye msumari.

"Baba, Cucu anakuja leo."

"Anakuja, mama."

"Nivae koti lake?"

Hapo. Ningesema ndiyo, neno moja tu, sasa hivi ningekuwa nakaa na mtoto wangu na ninyi hamngekuwa na la kucheka. Lakini nilikuwa nimeajiri mpigapicha, na nilipofikiria lile koti la ugali ulioungua limesimama kando yangu kwenye picha, nikasema, "Mtoto wa nani?"

Akageuza macho kutoka kwenye msumari. "Wa baba."

"Anasikia baridi?"

"Hasikii."

"Basi twende."

Na mimi je, nilivaa nini? Mimi nilivaa koti langu la Kanada. Ni koti la manyoya shingoni, limejazwa manyoya ya bata, zipu yake inaanzia magotini mpaka kidevuni, koti ambalo ukilivaa hapa kwetu watu wanakupisha njia. Nililivaa kwa heshima ya shughuli. Na kwa kuwa nimeamua kusema, wacha niseme yote: nililivaa kwa sababu nilikuwa nakufa kwa baridi. Kule Kanada baridi unakutana nayo kati ya mlango na gari. Nyumba zina joto, ghala unaingia na sare maalumu unatoka. Hapa Kaaga baridi inaingia ndani, inakaa kwenye kiti, inalala na wewe kitandani. Tangu Juni nilikuwa nalala na soksi. Na chini ya koti siku hiyo sikuvaa shati. Nilivaa ile suti ya ndani ya kuzuia baridi, ile inayobana mwili wote kuanzia shingoni mpaka vifundoni, na juu yake suruali ya suti tu, kwa sababu shati lilikataa kufunga vifungo juu yake na nikasema koti si litafunika, nani ataona? Suti hiyo niliinunua Kanada wakati wa Krismasi kwa bei ya kutupa. Imechorwa paa. Paa wengi wadogo wenye pembe, wamevaa kofia nyekundu.

Mwanamume mzima mwenye diploma.

Uwanjani kulikuwa na hema mbili na jukwaa la mbao, spika kubwa kila pembe, akina mama wamejifunga leso juu ya makoti, wanaume mikono imezama mifukoni. Nilimwona Cucu upande wa nyuma, amefika mapema, amekaa wima na koti lake jeusi la siku za kanisa. Hakuja tulipokuwa, bila shaka, na mimi sikwenda alipokuwa. Nikainamisha kichwa kwa mbali, naye akaangalia paa la darasa, na hiyo kwetu ni salamu nzuri kabisa. Watoto walikuwa wameketi mbele kwenye nyasi zenye umande. Nikampeleka Wawira akakae na wenzake, nikapanda jukwaani.

Wandugu, nilihutubia. Nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kusikia mtu akiongea vizuri hivyo. Nilianzia Majimbo kwenye kibanda, nikapitia diploma, nikafika Kanada, nikawaambia huko watoto wanacheza kwenye barafu na mashavu mekundu kama nyanya. Nikasema sisi ndio tunaowafundisha watoto wetu uoga wa baridi, nikarudia na ule ujumbe wangu: mtoto halazimishwi koti, mwili wake utamwambia. Wanaume wakapiga makofi. Mama Mwenda akapaza sauti kutoka chini ya hema, "Baba Wawira, na hilo duveti umevaa ni la nani?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikasema, "Mama Mwenda, hii ni sare ya kazi."

"Kazi gani? Umekuja kuuza samaki wa kugandishwa?"

Wakacheka zaidi, na nikaona kura inaniponyoka. Mtu mwenye akili angeshukuru na kukaa. Mimi nikasema, "Sitaki maneno, nataka ushahidi. Wawira, binti yangu, njoo hapa juu."

Akaja. Alipanda zile ngazi polepole na gauni lake jeupe, mikono ameikunja kifuani, na mimi nilikuwa nawaangalia watu, sikuwa namwangalia yeye. Nikamwekea mkono begani. Nikainama nikasema kwenye maiki, kwa ile sauti yetu ya kila asubuhi, "Mtoto wa nani?"

Nikampa maiki. Na spika zote nne, mpaka ile iliyoelekezwa barabarani, zikatoa sauti ambayo sikuielewa mara moja. Tak-tak-tak-tak. Nikadhani ni waya. Nikaigonga ile maiki. Halafu nikamwangalia. Yalikuwa meno yake.

"Wa b-b-baba," zikasema spika.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mikono yake imejaa vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Na bado alikuwa anajikaza atabasamu, kwa sababu mpigapicha alikuwa mbele yetu. Hata hapo, nisameheni, mdomo wangu ulikuwa umeshazoea, ukatangulia wenyewe: "Anasikia baridi?"

"Ha-ha-hasikii," zikasema spika. Tak-tak-tak.

Hakuna aliyecheka. Ndipo nikaona kule nyuma watu wanapisha njia, na koti jeusi linakuja katikati yao, haliharakishi, linakuja tu. Cucu akapanda jukwaani. Mimi nikarudi nyuma, kama inavyopasa. Hakunitazama. Akasimama mbele ya mtoto, akafungua kifungo cha kwanza cha koti lake.

Nikasikia mama mmoja anasema, "Haiya!"

Akafungua cha pili. Akafungua vyote. Akalivua koti, mbele yangu, na chini yake alikuwa na gauni jepesi la Gachoka, la kitenge, lisilo na mikono, maana huko kwake nguo nzito hana, koti ndilo lilikuwa kila kitu. Akavua na kitambaa cha kichwa. Nywele zake nyeupe zikabaki wazi kwenye rasharasha, mikono yake ya uzee wazi mpaka mabegani, mbele ya mkwe wake, na mimi nimesimama pale na macho yangu sijui niyapeleke wapi. Akina mama waliojua mambo haya walifunika nyuso kwa leso. Mchungaji akaanza kusoma programu upya. Cucu akamfunga mtoto kitambaa kichwani, akamviringisha koti mara mbili, akapiga magoti akampulizia vidole.

"Kwa nini hukusema?" akamwuliza.

Wawira alikuwa bado ameshika maiki. Hakukumbuka. Hata mimi sikukumbuka.

"Baba alisema mtoto wake hasikii baridi," zikasema spika, kwa sauti ndogo, uwanja mzima. "Nilikuwa nataka kuwa mtoto wake."

Sijui niwaelezeje. Nimewahi kufungiwa ndani ya ghala la nyama kwa bahati mbaya, na sikushtuka hivyo. Kila asubuhi, mbele ya majirani, nilikuwa namwuliza mtoto kama yeye ni wangu, na yeye alikuwa analipa jibu kwa mwili wake, na mimi nikaita hilo malezi.

Na hapo ndipo, kwa sababu nilikuwa sina akili tena, nikafanya lile ambalo mmesikia. Niliona mama mkwe wangu amepiga magoti kwenye rasharasha, mikono wazi, anatetemeka, na nikafikiria neno moja tu, koti. Nikashika zipu chini ya kidevu nikaivuta mpaka magotini, vrrr, nikalivua koti langu la Kanada nikamnyooshea.

Kisha mtoto mmoja mbele akasema, kwa furaha kabisa, "Mbuzi!"

"Si mbuzi," akamrekebisha mwenzake, "ni paa. Wana kofia."

Nikatazama chini. Tumbo langu, ambalo limekula vizuri Kanada, lilikuwa limewanyoosha wale paa mpaka wengine wamekuwa warefu kama twiga. Mkwe yuko na nguo za ndani mbele ya mama mkwe. Cucu alinigeuzia mgongo haraka kama aliyeungua. Mama mmoja akamwita Mungu, "Ngai!" akakimbia kabisa, akaacha na mkoba wake. Na Mama Mwenda, ambaye Mungu amemnyima huruma, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mnaona? Baba amevaa ng'ombe na zizi lake, mtoto amevaa upepo!"

Uwanja ukalipuka. Nimesimama pale na koti mkononi, nalinyoosha kwa mtu aliyenigeuzia mgongo, na yeye hawezi kulichukua hata kama atakufa kwa baridi, maana lini umeona mama mkwe anavaa nguo iliyotoka moto kwenye mwili wa mkwe? Akilipokea ni aibu, asipolipokea anaganda. Mpigapicha alikuwa anapiga tu. Aliyetuokoa ni Baba Salma, mwenye duka la vitambaa mjini, mtu mpole wa msikitini ambaye mabinti zake wanasoma hapo. Alipanda akavua koti lake la sufu akamwekea Cucu mabegani bila kumgusa.

"Chukua, mama," akasema. "Mimi si mkwe wako. Utalirudisha siku yoyote." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, funga duka."

Nikalivaa koti tena, nikafunga zipu. Kura ikapigwa, na sheria ya makoti ikapita, mikono yote juu, hata ile ya wanaume waliokuwa wamenipigia makofi. Nilijikuta na mimi nimeinua wangu.

Cucu hakungoja chai. Alimshika Wawira mkono wakaelekea getini kutafuta gari la kwenda Embu. Nikawakimbilia, nikasimama kando, nikaongea na ua la michongoma: "Ninaomba niwapeleke mimi." Cucu akamwambia mtoto, "Mwambie baba yako aendeshe." Nilitaka kupitia nyumbani nivae shati, lakini niliogopa nikishuka garini nitarudi nikute wameondoka, kwa hivyo nikawasha gari tukaenda hivyo hivyo, wao nyuma, mimi mbele na manyoya yangu ya bata.

Mpaka Chuka mambo yalikuwa sawa. Runyenjes jua likachungulia. Tulipopita Embu tukaanza kuteremka kuelekea Gachoka nikahisi tone la kwanza la jasho linashuka mgongoni, na baada ya hapo sikuhesabu tena. Cucu akavua koti la Baba Salma polepole na kulikunja, na sasa hakuna aliyeona ni ajabu, maana mimi nilikuwa mbele natazama barabara. Wawira akavua lile jeusi. Madirisha yote wazi, hewa inayoingia ni kama ya tanuri ya mkate, na mimi nimefungwa zipu mpaka kidevuni na manyoya shingoni, kwa sababu nitafungua nini? Niwaonyeshe paa tena? Nilikuwa naona barabara kupitia jasho.

"Baba," akasema Wawira, "si utoe koti?"

"Niko sawa."

"Unatiririka."

"Niko sawa, mama."

Cucu akasema, akiangalia nje mashamba ya ndengu, "Wawira, mwambie baba yako mtu halazimishwi koti. Mwili wake utamwambia."

Wawira akavuta pumzi anirudie. Nikamwambia nimesikia. Kwenye kioo, kabla sijaondoa macho kwa heshima, niliona mabega ya Cucu yanatikisika. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona nyota.

Kwake nilikaa kwenye kigoda nje, chini ya jua, na vijana waliokuwa wakitafuna majani ya muguka ng'ambo ya barabara wakavuka waje waone vizuri. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama ninaumwa malaria. Cucu akatuma kibuyu cha maji na shati la marehemu mume wake, akaingia ndani akafunga mlango ili nibadilishe. Lilikuwa limefifia, linabana kwapani, na sijawahi kuvaa nguo nzuri kama ile.

Kisha maneno yakaja, kupitia mtoto aliyesimama kati ya mlango na kigoda. Wawira atakaa Gachoka mpaka baridi iishe huko juu. Shule ya hapo itampokea kwa sasa. Septemba jua likirudi Kaaga nije nimchukue, nikitaka bado.

"Mwambie Cucu nataka," nikasema.

"Cucu, baba anasema..."

"Nimesikia," ikasema sauti kutoka ndani.

Wawira alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akaweka kidevu juu ya mlango, kwenye dirisha, nikaona uso wake wote, si paji tu. Rangi ilikuwa imemrudia.

"Baba, nikirudi, nikisikia baridi nikuambie?"

"Niambie."

"Hata kama kuna watu?"

"Hata kama kuna watu. Na hata ukisikia baridi, wewe ni wangu. Ukisikia joto ni wangu. Sitakuuliza tena lile swali."

Akafikiria. "Na wewe ukisikia baridi utaniambia?"

Nikamwambia ndiyo, nikawasha gari kabla hajayaona machozi yangu.

Ninapowaandikia haya bado ni Agosti na ukungu haujaondoka. Watu huniuliza, wengine kwa kicheko, wengine kwa kutaka kujua, sasa msimamo wako ni upi, mzazi amlazimishe mtoto koti au asimlazimishe? Nawajibu kwamba mwili wa mtoto humwambia, hilo bado nalisimamia, lakini mtoto anasikiliza kwanza mzazi wake anataka kusikia nini, na akishajua hilo mwili unaweza kupiga kelele mpaka uchoke. Kwa hivyo mvishe. Akisikia joto atavua, hatakuwa amepoteza kitu. Kuhusu maiki, nimeapa: hata kwenye mazishi yangu wasinipe.

Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi kabla sijatoka nasimama mlangoni na kupiga simu Gachoka, Cucu anapokea bila kusema neno na kuipitisha, na mimi, mtaalamu mwenye diploma ya majokofu, nasema kwa sauti ambayo Mama Mwenda anaweza kuisikia akitaka, "Wawira, leo huku nasikia baridi sana."

"Vaa koti, baba," ananiambia.

Nami huvaa.